Nilichokifuata Twickenham: U2, miaka 30 ya The Joshua Tree, na ule upande wa B

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Juma lililopita mwenzetu mmoja aliuliza kama kuna maana yoyote mtu kulipa fedha nyingi kwenda kuwatazama wazee wa roki wakipiga albamu nzima ya zamani, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali albamu yenyewe anayo nyumbani. Jibu langu ni kwamba maana ipo, ila haipo pale wengi wanapoitafuta. Nitaeleza kwa mfano mmoja ninaoujua vizuri: bendi ya Ireland, U2, ilipopiga The Joshua Tree, albamu yake ya mwaka 1987, katika uwanja wa raga wa Twickenham, London, Jumapili ya tarehe 9 Julai 2017.

Nianze na kanda, kwa kuwa bila kanda hiyo nisingepanda treni. Mwaka 1988 nilikuwa kidato cha pili Tanga, na kaka yangu alirudi kutoka Mombasa na kaseti aliyorekodiwa katika duka moja la muziki. Ilikuwa kanda ya dakika 46, yaani dakika 23 kila upande, na aliyerekodi aliandika juu yake kwa kalamu nyekundu neno moja tu, YUTUU. The Joshua Tree ina urefu wa dakika 50 na sekunde kadhaa. Mwenye hesabu ameshaliona tatizo: upande wa B ulikatika katikati ya wimbo wa mwisho, Mothers of the Disappeared, kama dakika mbili tu baada ya kuanza. Bono, mwimbaji wao, yumo katika kuimba, kisha tak, kitufe cha redio kinaruka juu, na kinachobaki ni kimya cha sebuleni na mbu.

Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo aliyetaka kurudia wimbo aliitoa kanda, akachomeka kalamu ya Bic katika lile tundu lenye meno, akaizungusha hewani hadi mkono uchoke. Kwa sababu ya adha hiyo hatukurudia nyimbo hovyo. Upande mmoja ukiisha tuligeuza, basi. Matokeo yake ni kwamba sisi watu wa kaseti tuliusikiliza upande wa B sawasawa na upande wa A, wakati wenzetu waliokuja kuzijua nyimbo hizi redioni walizijua tatu za mwanzo tu: Where the Streets Have No Name, I Still Haven't Found What I'm Looking For, na With or Without You. Hizo mbili za mwisho zilishika namba moja Marekani mwaka 1987, na zote tatu zimepangwa mfululizo mwanzoni kabisa mwa albamu.

Mpangilio huo una kisa chake. Bendi ilipomaliza kurekodi na kuchanganya sauti chini ya watayarishaji Brian Eno na Daniel Lanois, nyimbo zilikuwapo lakini hazikuwa na foleni. Aliyezipanga ni mwimbaji Kirsty MacColl, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Steve Lillywhite, mmoja wa waliochanganya sauti. Alipewa masharti mawili tu, wimbo wa kwanza uwe Streets na wa mwisho uwe Mothers. Zilizobaki alizipanga kadiri zilivyompendeza. Kwa hiyo ratiba ya onyesho lililojaza viwanja vya dunia mwaka 2017 ilikuwa imepangwa na mwanamke mmoja miaka 30 nyuma, akiwa anafikiria santuri yenye pande mbili, wala si uwanja wa watu elfu themanini.

Hapo ndipo penye hatari ya ziara za namna hii. Onyesho la kawaida hupandishwa polepole, na nyimbo kubwa huwekwa mwishoni ili watu waende nyumbani wakiimba. Albamu hufanya kinyume: huweka nyimbo kubwa mbele ili msikilizaji asiizime. Ukiipiga albamu jinsi ilivyo, unakimaliza kilele chako katika robo saa ya kwanza, kisha una nyimbo nane ambazo nusu ya uwanja haizijui. U2 wenyewe, katika ziara ya mwaka 1987, hawakuthubutu kufanya hivyo. Waliziingiza nyimbo mpya katikati ya za zamani, na mmoja hawakuugusa kabisa.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Ninaishi Reading, na treni ya kwenda Waterloo hupita Twickenham, kwa hiyo sikuhitaji kubadilisha. Kiti changu kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo binadamu aliye jukwaani ana ukubwa wa punje ya mchele. Jua la Julai lilikuwa halijazama wakati spika zilipopiga The Whole of the Moon ya The Waterboys, ambao ndio wimbo uliotumika kuwaita watu wakae tayari katika ziara nzima. Kisha Larry Mullen Jr. akatoka peke yake, akatembea hadi kwenye jukwaa dogo lililochomoza katikati ya watu, lenye umbo la kivuli cha mti, akakaa na kuanza kupiga ngoma za Sunday Bloody Sunday. Mmoja mmoja wenzake wakamfuata. Nyimbo za utangulizi, zote za kabla ya mwaka 1987, walizipigia hapo bila skrini kuwashwa hata kidogo. Nyuma yao ule ukuta wa skrini, wenye upana wa mita 61 na urefu wa mita 14, ulikuwa umesimama tu na rangi yake ya dhahabu na picha ya mti wa fedha, kama bango la tangazo lililosahauliwa. Jirani yangu wa kiti alilalamika kwamba haoni kitu. Nikamwambia asubiri, ingawa nami sikuwa na uhakika nasubiri nini.

Walipomaliza wimbo wa Pride walirudi jukwaa kubwa, kinanda cha mwanzo wa Streets kikaanza, na ukuta mzima ukawa mwekundu. Wanaume wanne wakasimama katika mstari mbele ya wekundu ule, mti mweusi nyuma yao. Gitaa la The Edge likaingia kwa ule mwendo wake wa kuzunguka, na ngoma zilipoingia skrini ikafunguka kuwa barabara ya jangwani, picha aliyoipiga Anton Corbijn, ambaye ndiye aliyepiga pia picha za jalada mwaka 1986. Sitajaribu kueleza zaidi. Watu wazima wenye mvi, waliokuwa wakizungumzia mikopo ya nyumba dakika tano kabla, walikuwa wanalia.

Nilichokifuata mimi kilikuja baadaye. Wimbo wa sita, yaani wa kwanza upande wa B, ni Red Hill Mining Town, unaohusu wachimba makaa wa Uingereza katika mgomo wa mwaka 1984. Ulipangwa uwe singo ya pili ya albamu, na hata video yake ilirekodiwa na mwongozaji Neil Jordan, kisha ukawekwa kando. Haukuwahi kupigwa mbele ya watu hata mara moja hadi ziara hii ilipoanza Vancouver tarehe 12 Mei 2017. Sababu kubwa ni koo: kiitikio kinapanda mahali ambapo mwimbaji hawezi kupafika usiku baada ya usiku. Twickenham waliushusha, wakaupunguza kasi ya moyo, na kwenye skrini bendi ya tarumbeta ya Salvation Army ikaonekana ikipiga pamoja nao. Wakati huo watu wengi upande wangu waliinuka kwenda kununua bia. Mimi nilibaki nimesimama na kalamu ya Bic mkononi, kwa namna ya kusema.

Na Mothers of the Disappeared ukapigwa hadi mwisho, wanawake wakiwa wamepangwa mstari kwenye ukuta ule wote, kila mmoja na mshumaa wake. Wimbo huo una asili yake kwa kina mama wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, ambao watoto wao walichukuliwa na utawala wa kijeshi wa Argentina wasirudi. Ulipovuka ile dakika ya pili nilijikuta nimeshika kiti cha mbele yangu, nikisubiri kitufe kiruke. Nasubiri michango yenu.

#2 Mzee wa Zilipendwa

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini naomba nikupinge kwa heshima. Sisi huku Dar es Salaam tuna neno la mambo haya, nalo ni zilipendwa. Msondo Ngoma, ambao mizizi yao ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, au Mlimani Park ya mwaka 1978, wakipiga nyimbo za zamani hawaiti ziara ya kumbukumbu wala hawapandishi kiingilio. Unalipa mlangoni, unacheza, unaondoka. Bendi kubwa ya nje inapotangaza maadhimisho ya albamu, mimi nasoma maneno mawili: tumeishiwa nyimbo. Kuhusu machozi ya Streets, mtu huulilia ujana wake, na ujana wake anaweza kuulilia bure nyumbani.

#3 Mama Watoto, Toronto

Mimi niliwaona Rogers Centre hapa Toronto tarehe 23 Juni mwaka huo huo, na nilikuwa chini kwenye sakafu, si juu ya paa kama kaka yetu wa Reading. Nilimpeleka binti yangu aliyekuwa na miaka 15, ambaye alikuwa anaujua Beautiful Day peke yake. Ninachokumbuka kuliko yote ni jambo dogo. Larry alipopita kwenda jukwaa dogo, alipita kama hatua nne kutoka tulipokuwa, na hakumtazama mtu. Alikuwa anatazama miguu yake, kama mtu anayekwenda kufungua duka asubuhi. Binti yangu aliniuliza, "Mama, huyo ni fundi?" Sekunde kumi baadaye alipiga pigo la kwanza na mtoto akanishika mkono.

Mzee wa Zilipendwa, binti yangu hakuwa na ujana wowote wa mwaka 1987 wa kuulilia. Wimbo alioondoka nao ni Exit, ule wa upande wa B wenye giza, ambapo Bono alitoka amevaa kofia pana kama mhubiri wa kwenye sinema za Kimarekani. Hadi leo anausikiliza akiwa na hasira na mimi.

#4 Mleta uzi

Dada wa Toronto, ahsante. Hilo la fundi nimelicheka peke yangu kwenye basi.

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya kuishiwa nyimbo haisimami kwa U2 wa mwaka 2017. Walikuwa na albamu mpya karibu tayari, Songs of Experience, na waliiweka kando baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016, wakisema hali imebadilika na nyimbo zinahitaji kutazamwa upya. Ilitoka tarehe 1 Desemba 2017, ziara ilipokuwa imekwisha. Waliirudia The Joshua Tree kwa sababu tangu mwanzo ni albamu ya watu wa Ireland wanaoitazama Marekani kwa mapenzi na woga kwa pamoja. Bullet the Blue Sky ulitokana na safari ya Bono huko Nikaragua na El Salvador mwaka 1986, wakati silaha za Marekani zilipokuwa zikiamua vita vya watu maskini. Mwaka 2017 hawakuhitaji kubadilisha neno ili usikike wa jana.

Kuhusu kiingilio, hapo nakubali kushindwa. Nililipa zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa mtu niliyemwona mara moja tu maishani, na mke wangu hajajua kiasi hadi leo.

#5 Nyuzi Sita

Naandika kama mpiga gitaa wa bendi ya hoteli hapa Mombasa, ambaye kila Ijumaa huombwa apige With or Without You na mgeni fulani. Wengi hudhani The Edge ana kasi ya ajabu. Hana, na hana haja nayo. Ana mashine ya mwangwi iliyopimwa ili kila noti irudi baada ya robo tatu ya pigo, kwa hiyo yeye anapiga noti moja na masikio yako yanasikia mbili zinazofukuzana. Ukizima mashine hiyo, mwanzo wa Streets unabaki kitu ambacho mwanafunzi wa mwezi wa tatu anaweza kukipiga. Ugumu upo kwa mpiga ngoma: mwangwi hausubiri mtu, na bendi nzima ikipotea kwa unywele mmoja, gitaa linageuka kuwa uji.

Sisi tuliokulia kwenye sebene tunalielewa jambo hili haraka kuliko Wazungu wengi, kwa sababu katika sebene magitaa mawili au matatu hufumana kufanya kazi ambayo The Edge amemwachia mashine. Kwa Streets kuna mtego zaidi. Gitaa huanza kwa hesabu ya sita, kisha wimbo unahamia kwenye nne, na kuivuka hiyo daraja kuliwatesa studio kiasi kwamba Eno alitaka kuifuta kanda makusudi ili waanze upya, fundi mitambo akamzuia. Kila usiku mmoja wa ziara ile, wazee wa karibu miaka sitini walilivuka daraja hilo mbele ya uwanja mzima. Mimi hilo tu lingenitosha kulipa.

#6 Mtazamaji

Kuna jambo halijasemwa kuhusu Streets, na mimi kama mtu ninayeishi Addis Ababa linanihusu. Mwaka 1985, baada ya tamasha la Live Aid, Bono na mkewe Ali walikwenda Ethiopia kujitolea kwa majuma kadhaa katika kambi ya chakula wakati wa njaa. Jina la wimbo limeunganishwa na mambo mawili: huko Belfast, jina la mtaa lilitosha kumwambia mtu dini yako na kipato chako, na kwa upande mwingine, mahali alipokuwa Ethiopia mitaa haikuwa na majina. Watu huimba kana kwamba ni wimbo wa peponi. Nafikiri ni wimbo wa mtu aliyechoka kuulizwa anatoka wapi.

#7 Mzee wa Zilipendwa

Marahaba, mwanangu. Nimesoma yote, na la bwana wa nyuzi sita limenigusa, kwa sababu nimewahi kusimama nyuma ya magitaa hayo yanayofumana. Lakini nijibuni hili. Tofauti ya bendi iliyozeeka na bendi inayotumia jina la marehemu mnaijuaje? Huku kwetu jina la bendi hudumu na watu hubadilika hadi anabaki mpuliza saksafoni mmoja.

#8 Mleta uzi

Swali zuri, na kwa U2 lina jibu la tarehe. Larry alibandika tangazo shuleni kwao Mount Temple, Dublin, mwaka 1976, na wale wanne waliosimama mbele ya ukuta mwekundu Twickenham ni walewale wa shule ile: Bono, The Edge, Adam Clayton na Larry mwenyewe. Baada ya miaka 41 hakuna aliyebadilishwa. Bendi za roki za umri huo zenye sifa hiyo zinahesabika kwa vidole.

Lakini dirisha hilo halikai wazi. Walipofanya maonyesho 40 ya albamu ya Achtung Baby katika ukumbi wa Sphere, Las Vegas, kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024, Larry hakuwapo kwa sababu ya kuuguza mwili uliochoshwa na ngoma. Kwenye ngoma alikaa Mholanzi Bram van den Berg. Aliyeniambia mwaka 2017 kwamba atasubiri ziara nyingine ili bei ishuke, alisubiri akakosa hatua zile za fundi alizoziona dada yetu.

Niongeze One Tree Hill, wimbo mwingine wa upande wa B, kwa kuwa sikuutaja. Huo ni wa kumlilia Greg Carroll, kijana Mmaori wa New Zealand aliyefanya kazi na bendi, akafa kwa ajali ya pikipiki Dublin mwaka 1986. Jina ni la kilima cha Auckland. Mnamo Novemba 2019 ziara ilipofufuliwa, ilianzia Auckland hasa, na kila ninapoufikiria wimbo ule ukipigwa huko, chini ya kilima chenyewe, naona wivu kwa watu nisiowajua.

#9 Karani wa Hesabu

Mleta uzi, nimefurahia simulizi, ila nina swali la kihesabu. Nimechukua CD yangu nikajumlisha. Upande wa A wa santuri, nyimbo tano, una dakika 24 na sekunde chache. Kama kanda yenu ilikuwa ya 46, basi upande wa A nao ulikatwa, karibu dakika nzima mwishoni mwa Running to Stand Still. Mbona umelalamikia wimbo mmoja tu?

#10 Mleta uzi

Karani, umenivua nguo hadharani, na sina budi kusema kweli. Upande wa B ulikatika kwa kishindo. Upande wa A, yule bwana wa duka alishusha sauti polepole kwa mkono wake mwenyewe, kwa ustadi, hivi kwamba nilikua nikiamini wimbo ule, unaozungumzia heroini katika maghorofa ya Ballymun huko Dublin, unaisha kwa sauti ya Bono kufifia gizani. Harmonika ya mwishoni sikuijua kabisa. Mwaka 2003, nilipofika Uingereza na kununua CD yangu ya kwanza, niliisikia ile harmonika nikaamini nimeuziwa toleo bandia. Niliirudisha dukani na stakabadhi. Kijana aliyekuwa kwenye kaunta aliiweka kwenye mashine, tukausikiliza wimbo wote tukiwa tumesimama, watu watatu wakiwa foleni nyuma yangu, kisha akanirudishia CD yangu bila kusema neno.

Kwa hiyo Twickenham, Bono alipoinua harmonika mdomoni, jirani yangu wa kiti aliniuliza nacheka nini.